Kuweka skrini ya hali kwa risiva za kura kwenye AllStarLink

Kila anayejenga ripita (kituo kinachopokea sauti ya redio na kuirusha tena) yenye risiva nyingi hufika siku ya kuuliza maswali yaleyale: "Ukurasa unafunguka lakini hauna kitu, kwa nini?" "Risiva yangu ya mlimani ina 255, mbona haichaguliwi?" "Rangi ya samawati maana yake nini?" Nimeyaandika majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza afuate hatua kwa hatua na aliyekwama arukie sehemu yake.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa AllStarLink, unaounganisha redio za ridhaa kwa intaneti: seva ya Asterisk (programu ya simu za mtandao) yenye moduli ya chan_voter, na kwenye kila kituo cha kupokelea kuna kifaa cha RTCM au VOTER, kisanduku kinachogeuza sauti ya risiva kuwa pakiti za mtandao. Kila risiva hutuma sauti yake kwa seva kupitia mtandao, ikiwa na muhuri wa muda kutoka GPS. Seva hupanga vipande vya sauti vya milisekunde 20, inalinganisha ubora wa kila risiva kwa kipande kilekile, kisha inaruhusu iliyo safi zaidi kupita; huko ndiko kupiga kura. Skrini ya hali haiamui chochote. Inaiuliza seva imeamua nini, basi.

Kabla ya kuanza, hakikisha una hivi:

- Seva ya AllStarLink inayofanya kazi, na namba ya nodi yako, yaani kituo chako kwenye mfumo huo. Hapa natumia 1234, weka yako.
- Angalau risiva mbili zilizokwisha kuunganishwa kwenye seva. Ukiwa na moja skrini itafanya kazi, ila hakuna kura ya kutazama.
- Ruhusa ya kuingia kwenye seva kwa SSH ukiwa na mamlaka ya msimamizi.
- Ukurasa wa Allmon (programu ya kutazama nodi kwenye kivinjari) au mojawapo ya ndugu zake, ukiwa umewekwa tayari. Majina ya vipengele kwenye faili la usanidi hutofautiana kati ya toleo na toleo. Mifano yangu ni ya Allmon2. Hatua za seva, ambazo ndizo nyingi, ni zilezile kwa wote.
- Redio ya mkononi, na mtu wa kuishika wakati wewe umekaa mbele ya skrini.
- Nakala ya mafaili yote utakayoyagusa. `cp voter.conf voter.conf.zamani` haichukui hata dakika.

Jambo moja la nadharia, halafu tuendelee. Namba inayoonekana kwenye skrini, 0 hadi 255, huitwa RSSI lakini haipimi nguvu ya wimbi kama mita ya redio ya kawaida. RTCM husikiliza kelele iliyo juu ya masafa ya sauti kwenye sauti ghafi ya diskriminata, sehemu ya risiva inayotoa sauti kabla haijachujwa. Kelele nyingi, namba ndogo. Kelele ikitoweka kabisa, namba inagota 255 na haiendi zaidi, hata ukisimama chini ya antena. Kwa hiyo skrini inakuonyesha usafi wa sauti. Ukilishika hili, nusu ya maswali yanajijibu.

Hatua ya 1: Kalibu kila risiva kwanza

Usiguse skrini kabla ya hapa. Risiva ambayo haijakalibiwa, yaani haijapimwa na kuwekwa viwango vyake, huleta namba za uongo, nawe utashinda ukihangaika na ukurasa usio na kosa.

Ingia kwenye RTCM kwa telnet. Chaguo la 98 kwenye menyu linaonyesha hali: kama GPS imeshika, kama seva imeunganishwa, na RSSI ya sasa. Chaguo la 97 linaonyesha kiwango cha sauti inayoingia. Fanya kalibu ya kelele antena ikiwa imetolewa na redio ikiwa imewashwa, kwa sababu kifaa kinahitaji kujua kelele tupu ya redio ile ikoje. Kisha rekebisha kiwango cha sauti kwa toni ya 1 kHz yenye mchepuko wa 3 kHz, hadi kipimo cha 97 kifike kwenye alama yake. Ukibadilisha thamani yoyote kwenye menyu, hifadhi kwa 99. Anayesahau 99 hupoteza kila kitu umeme ukikatika.

*Onyo:* sauti lazima itoke kwenye diskriminata, kabla ya skwelchi (kinachonyamazisha kelele pasipo mtu hewani) na kabla ya kichujio chochote cha sauti. Ukiichukua kwenye tundu la spika, kelele ya juu imekwisha kukatwa, kifaa kinadhani mambo ni safi siku zote, na mstari wa kituo hicho utakaa 255 hata pasipo mtu hewani.

Ukiwa humo humo, badilisha nywila ya kiwandani. Kila mtu anaijua.

Hatua ya 2: Panga majina kwenye voter.conf

Majina utakayoyaona kwenye skrini hayatoki kwenye RTCM. Yanatoka upande wa kushoto wa alama ya sawa kwenye `/etc/asterisk/voter.conf`:

```
[general]
port = 1667
buflen = 500
password = nywila_ya_seva

[1234]
Mlima = nywila_moja,transmit,master
Kaskazini = nywila_mbili
Bonde = nywila_tatu
```

Yapo mambo manne hapa, na kila moja lina mtego wake.

Poti: usanidi wa zamani hutumia 667, wa sasa 1667. Kipi ni kipi haijalishi, mradi seva na kila RTCM wakubaliane, na faiawoli iiruhusu poti hiyo kwa UDP. Mtu hufungua TCP kisha anashangaa.

Nywila: kila risiva lazima iwe na yake peke yake, kwa maana seva humtambua mteja kwa nywila aliyokuja nayo, wala haitazami anwani ya IP. Ukinakili usanidi wa kituo kimoja kwenda kingine bila kubadilisha nywila, skrini itakuonyesha mstari mmoja badala ya miwili, na namba yake itarukaruka kama inayotoka sehemu mbili. Ndivyo ilivyo kweli: vifaa viwili vinagombea jina moja.

Masta: anakuwa mmoja. Ndiye anayetoa saa ambayo wengine wanapimwa kwayo, kwa hiyo chagua kituo chenye mtandao tulivu kuliko vyote. Wengi humpa cheo hiki mwenye antena ndefu. Antena haina uhusiano wowote na kazi hii.

Jina: liwe fupi, lisiwe na nafasi, na liseme mahali. "Bonde" linamwambia mtu wa zamu kitu saa nane za usiku. "RTCM3" halimwambii chochote, hasa yule wa tatu akihamishwa.

Hakikisha pia kwamba kwenye `rpt.conf` nodi yako ina `rxchannel = Voter/1234`. Ukimaliza, iwashe upya Asterisk wakati ambapo hakuna anayeongea.

Hatua ya 3: Tazama kura kwenye terminali

Kabla ya kivinjari, hakikisha seva yenyewe inaona risiva:

```
asterisk -rvvv
voter display 1234
```

Utaona orodha ya risiva zako na vipimo vinavyopanda na kushuka mtu anapobonyeza kitufe cha kuongea. Kama jina halipo hapa, halitakuwepo kwenye ukurasa wa wavuti hata ufanye nini. Rudi hatua ya 1 na ya 2. Naomba usiiruke hatua hii, maana ndiyo inayotenganisha matatizo ya redio na matatizo ya ukurasa, na kila anayekuja na swali lisiloeleweka huwa hajaipitia.

Hatua ya 4: Fungua akaunti ya skrini

Ukurasa huzungumza na Asterisk kupitia kiolesura cha meneja, poti 5038 ya TCP. Hariri `/etc/asterisk/manager.conf`:

```
[general]
enabled = yes
port = 5038
bindaddr = 127.0.0.1

[skrini]
secret = nywila_ndefu_ya_kubahatisha
read = reporting
write = reporting
```

Kusoma hali ya kura hakuhitaji mamlaka makubwa. Ila kama ukurasa huohuo ndio unaotumika kuunganisha na kutenganisha nodi, akaunti itahitaji `command` pia. Napendelea akaunti mbili tofauti: ya kutazama na ya kuendesha.

*Onyo:* usiweke `bindaddr = 0.0.0.0` kisha ukaiacha 5038 wazi kwa intaneti. Mawasiliano ya poti hii hayajafichwa, na anayepata akaunti yenye mamlaka anaweza kuiendesha seva yako nzima. Kama ukurasa uko kwenye kompyuta nyingine, pitisha kwenye VPN au njia ya SSH.

Pakia upya:

```
asterisk -rx "manager reload"
```

Hatua ya 5: Jaribu akaunti kwa mkono

Bado hatujafika kwenye kivinjari. Andika:

```
telnet 127.0.0.1 5038
```

Kisha, ukimaliza kila fungu kwa mstari mtupu:

```
Action: Login
Username: skrini
Secret: nywila_ndefu_ya_kubahatisha

Action: VoterStatus

```

Jibu litakuwa na mistari ya `Node`, `Client`, `IP` na `RSSI` kwa kila risiva, na mtu akiwa hewani utaona pia `Voted` ikifuatiwa na jina la iliyochaguliwa. Haya ndiyo yote ambayo ukurasa wowote, uwe mzuri au mbaya, unapewa na seva. Ukitaka kujiandikia skrini yako ya kutundika ukutani, anzia hapa: ingia, uliza, soma mistari, chora. Kumbuka tu kwamba maneno kama `Mix` au `Master` huweza kufuata jina kwenye mstari wa `Client`, na programu yako isiyafanye sehemu ya jina.

Hatua ya 6: Unganisha ukurasa

Kwenye folda ya Allmon2, ndani ya `allmon.ini.php`:

```
[1234]
host=127.0.0.1:5038
user=skrini
passwd=nywila_ndefu_ya_kubahatisha
menu=yes

[Risiva]
url="voter.php?node=1234"
menu=yes
```

Fungu la kwanza linaueleza ukurasa pa kwenda kuuliza, la pili linaongeza kiungo kwenye menyu. Angalia neno: hapa ni `passwd`, kule kwenye `manager.conf` ni `secret`. Kuchanganya haya mawili kumeshawapotezea watu jioni nzima.

Fungua kivinjari, nenda `voter.php?node=1234` chini ya anwani ya Allmon yako. Unapaswa kuona jedwali lenye jina la kila risiva na mstari wake.

Hatua ya 7: Soma rangi

Bluu ni risiva inayoshiriki kura lakini haijachaguliwa kwa sasa. Kijani ndiyo iliyochaguliwa. Samawati ni kituo cha `Mix`, yaani kisichopigiwa kura: sauti yake haina muhuri wa GPS, kwa hiyo huchanganywa tu na nyingine. Risiva uliyoitarajia kushindana ikionekana samawati, kagua mpangilio wa mshindo wa sekunde wa GPS kwenye RTCM yake. Pengine umewekwa kwenye chaguo la "hakuna".

Sifuri maana yake hakuna wimbi linalopokelewa. Haimaanishi kwamba kituo kimekufa, na kosa hili la kusoma hufanywa hata na watu wazima wa fani. Kituo kizima kisicho na mtu hewani huonyesha sifuri siku nzima.

Halafu lile swali la 255. Risiva mbili zikiwa zote 255, zote ni safi kadiri mfumo unavyoweza kupima, na hakuna "yenye nguvu zaidi" kati yao. Seva itabaki na mojawapo, na haina sababu ya kukuchagulia ile ya mlimani unayoipenda. Kama unataka upendeleo, upo mpangilio wa kipaumbele kwa kila mteja, lakini uuache hadi uwe umeutazama mfumo ukifanya kazi kwa muda.

Vilevile, kura hupigwa mara 50 kwa sekunde. Hakuna ukurasa unaochora kwa kasi hiyo, na jicho lako pia halifuati. Kijani kinaweza kwenda na kurudi bila wewe kukiona. Kwa hiyo usiitumie skrini kutafuta chanzo cha mkwaruzo mdogo kwenye sauti. Itumie kujua kituo gani kinasikia nini.

Hatua ya 8: Hakiki kila mstari kwa risiva yake

Hapa ndipo yule mwenye redio ya mkononi anapohitajika. Mpeleke karibu na kituo cha kwanza, aweke nguvu ndogo kabisa, aongee huku wewe ukitazama. Mstari wa kituo kile ndio unaopaswa kupanda. Akihamia kituo kingine, mstari uhamie naye.

Kama kuzunguka ni shida, toa antena za vituo vyote isipokuwa kimoja, jaribu, badilisha. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo njia ya uhakika ya kugundua kwamba "Kaskazini" na "Bonde" zilibadilishana nywila siku ya ufungaji. Mfumo wenye majina yaliyobadilishana hufanya kazi vizuri kabisa, sauti ni nzuri, wala hakuna anayelalamika. Siku moja antena ya Bonde inaanguka, fundi anatumwa Kaskazini.

Andika namba unazoziona kwa sehemu chache za kudumu: lango la kituo, kona fulani ya barabara, mahali ambapo mawasiliano huwa hafifu. Miezi ikipita na namba ya kona ileile ikishuka, utajua kebo imeanza kuingia maji kabla watumiaji hawajasema.

Hatua ya 9: Punguza kurukaruka, ikiwa kupo

Mtumiaji aliye katikati ya risiva mbili husababisha kijani kuhama bila kutulia. Mara nyingi ni sawa, maana ndiyo kazi yake. Kama kuhama kunasikika, ongeza vizingiti chini ya nodi yako kwenye `voter.conf`:

```
thresholds = 255,110=5
```

Unaiambia seva hivi: risiva iliyokwisha kuchaguliwa ikiwa bado juu ya kiwango hiki, usiikimbie. Namba iliyo baada ya alama ya sawa inahusu muda wa kung'ang'ania. Badilisha kidogo, sikiliza, tazama skrini, rudia. Usiweke kizingiti cha chini mno kwa kupenda kijani kilichotulia: utabaki na risiva yenye mkwaruzo wakati jirani yake ni safi.

Mambo yakienda kombo

*Ukurasa unafunguka, jedwali halina kitu.* Rudia hatua ya 5. Ikijibu `Authentication failed`, ni nywila au jina. Ikikataa kuunganisha kabisa, `enabled` haijawekwa au bado hujapakia upya. Ikijibu vizuri kwa mkono lakini ukurasa uko tupu, kosa liko kwenye `allmon.ini.php`: namba ya nodi haifanani, au kuna alama ya nukuu iliyosahaulika.

*Mistari inasogea kwa mafungu, sekunde kadhaa kimya kisha yote kwa pamoja.* Ukurasa hupokea data kwa muunganisho mmoja unaobaki wazi. Kama umeweka nginx au proksi nyingine mbele, inakusanya data kwenye bafa kabla ya kuiachia. Zima bafa kwa njia hiyo.

*Seva inazidi kuwa nzito watazamaji wakiongezeka.* Sababu ni ileile: kila kivinjari kilichofungua ukurasa kinashikilia prosesi moja ya PHP. Waombe watu wafunge vichupo wasivyovitazama, au chora skrini moja ya pamoja.

*Risiva moja inaonekana imeunganishwa, taa za RTCM ni nzima, lakini mstari wake haupandi kamwe.* Tazama chaguo la 98 na usome tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1024 kisha huanza upya, mara ya mwisho ikiwa Aprili 2019, na vipokezi vya zamani huweza kurudi nyuma karibu miaka 20 vikiwa vimeshika setilaiti vizuri. Pakiti zenye tarehe hiyo haziwezi kulinganishwa na za wenzake. Suluhisho ni femwea mpya ya RTCM yenye marekebisho ya kipokezi chako, au kubadilisha kipokezi.

*Taa ya GPS inapepesa bila kutulia.* Kifaa kinapata data lakini bado hakijashika. Hamisha antena ya GPS ione anga. Ikiwa haiwaki kabisa, kagua kasi ya mawasiliano kati ya GPS na RTCM.

*Risiva inaingia na kutoka kwenye orodha.* Ni mtandao. Ndani ya Asterisk tumia `voter ping` na jina la risiva, uone ucheleweshaji na pakiti zinazopotea. Ucheleweshaji ukiwa mkubwa lakini thabiti, ongeza `buflen`, ambayo ni milisekunde, ukijua kwamba unaongeza pia muda kati ya mtu kusema na ripita kutoa sauti. Pakiti zikipotea, bafa haitakusaidia. Shughulikia kiungo chenyewe.

*Mstari mmoja umeganda kwenye namba ya juu usiku na mchana.* Ama sauti inachukuliwa baada ya skwelchi, ama kalibu ya kelele haikufanywa sawasawa, ama kuna kitu kinatangaza karibu na antena ile. Toa antena. Namba ikianguka, tafuta chanzo cha mwingiliano hewani. Isipoanguka, fungua boksi ufuate waya wa sauti hadi kwenye diskriminata.